Chuma cha Mchangani, Kisu cha Kotini

Ugweno, milimani Upare Kaskazini, ni nchi ya makoti. Ukipanda kutoka Mwanga mjini, joto la tambarare linabaki chini pamoja na vumbi lake, na kabla hujafika Shighatini wazee unaopishana nao njiani wote wamevaa koti, hata saa sita mchana. Mengi ni ya mtumba, yamevuka bahari yakiwa na mabega mapana kuliko ya wenyewe wapya. Yakishakaa huku miaka michache yanapata alama moja: mfuko wa kulia unachoka kuliko wa kushoto. Unalegea, unatoboka chini, unashonwa kwa uzi usiofanana na kitambaa, unatiwa kiraka cha ngozi kwa ndani. Humo ndimo kinamokaa kisu.

Si kisu cha kutisha. Bapa lake ni fupi kuliko kiganja, mgongo wake mnene kidogo, tumbo lake limepinda polepole kuelekea kwenye ncha. Mpini ni wa mti, unang'aa kwa jasho la mkono bila vanishi. Ala ni kipande cha ngozi ya mbuzi kilichoshonwa upande mmoja au, kwa wasio na subira, bomba la plastiki la maji lililopashwa moto likabanwa. Ukikiona kimewekwa juu ya meza ya duka la vifaa mjini hutakigeukia mara ya pili.

Kitazame kikiwa kazini. Asubuhi kinakata kamba ya mgomba ya kufungia mzigo wa majani ya ng'ombe. Kinafutwa kwenye suruali, kisha kinaondoa machipukizi ya mbuni yaliyoota pasipotakiwa. Kinachonga mswaki, kinagawa muwa kwa wajukuu, kinachokonoa mwiba kwenye unyayo, kinatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa mtu aliyekonda. Mama wa nyumba akikiazima kumenya ndizi, kukirudisha kwa mwenyewe kunahitaji mazungumzo. Na katika yote hayo mzee hakiangalii. Mkono unakwenda mfukoni, unatoka nacho, kazi inafanyika, kinarudi, na hadithi aliyokuwa akisimulia haijakatika.

Ustadi wa namna hiyo, wa mkono na chombo kuzoeana mpaka akili ikaachwa nje, ndio ulionifanya niwafuate wahunzi. Nikagundua kwamba kwa mhunzi peke yake sitapata jibu lote. Kisu cha Ugweno kinatengenezwa mara mbili. Mhunzi hukianzisha kwa siku moja. Anayekibeba hukimalizia kwa miaka, na ukitaka kukisifu kwa haki ni lazima uwasifu wote wawili.

Nianze na chuma chenyewe, maana hapa hakikuchimbwa. Kilichotwa.

Milima ya Upare ni ya mwamba mkongwe sana. Mvua huusaga mwamba huo mwaka hata mwaka, maji hubeba chembe nyepesi hadi bondeni, na chembe nyeusi nzito hubaki kwenye kona za vijito ambako mkondo umepungua nguvu. Zile nyeusi zina chuma. Hata leo, mvua kubwa ikishapita, utaona mistari myeusi kando ya njia, na ukipitisha sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu itaota ndevu papo hapo. Watu wa zamani hawakuwa na sumaku. Walichota mchanga ule, wakauosha mpaka mwepesi ukaondoka na mzito ukabaki, wakaupeleka kwenye tanuri la udongo na mkaa.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Viriba vya ngozi ya mbuzi, hata vikivukutwa na vijana wawili wenye hasira, havifiki huko, wala havikuhitaji kufika. Kwenye nyuzi 1,200 hivi uchafu ulio ndani ya mchanga hulainika, ukatiririka na kujitenga, na chuma kikabaki kimeshikana katika pande moja lenye matundu, chafu bado, linalopaswa kupigwa likiwa la moto mpaka liteme nje takataka zilizosalia. Kilichotiririka kikipoa kinaitwa mavi ya chuma. Wakulima wa Ugweno na Usangi huyagonga kwa jembe mpaka leo wanapolima mahindi, huyatupa kando ya shamba na kuendelea.

Wengine hawakuyatupa. Mwaka 2014 mtafiti Matthias Heckmann alichapisha kazi iliyofuatilia miaka elfu mbili ya kilimo, uyeyushaji, misafara na mmomonyoko wa udongo katika Upare Kaskazini. Mwaka 2018 Louise Iles na wenzake wakachapisha uchambuzi wa mabaki ya uyeyushaji pamoja na udongo wenyewe, wakitafuta uhusiano kati ya moto wa wahunzi na sura ya milima tunayoiona sasa. Ni swali zito kwa nchi inayotegemea misitu ya Kindoroko na Minja kupata maji. Mimi linanivutia kwa sababu nyingine ndogo: wataalamu wenye darubini za maabara wanahangaika kuelewa kazi iliyofanywa na watu waliopima joto kwa jicho.

Ukoo ulioshika kazi hiyo ni Washana. Jina Mshana leo utalisikia katika ofisi na vyuo vya Dar es Salaam, na wengi wa wenye jina hawajawahi kugusa kiriba. Lakini katika mapokeo ya milima hii Washana hawakuwa mafundi tu. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliyakusanya mapokeo hayo katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilichotoka 1969, na humo Washana wanaonekana kama watawala wa Ugweno mpaka walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya, yapata karne ya 16. Wasuya, na hasa mtawala wao Mranga, wakaupanga utawala upya. Washana wakapoteza kiti, nyundo wakabaki nayo.

Jambo hili la wahunzi kuwa wafalme halikuwa la kila mahali. Teremka kidogo tu hadi tambarare, kwa Wamasai, uone tofauti. Wamasai walihitaji mikuki na sime kuliko mtu yeyote, na bado wahunzi wao, Ilkunono, waliishi wametengwa na hawakuolewa wala kuozwa na wengine. Chuma kilihitajiwa, mkono uliokifua ukaogopwa. Kwa upande wa pili watani zetu Wachaga waliagiza chuma kutoka Upare ili wahunzi wao wafue mikuki, na sifa ya mikuki ya Kilimanjaro ina deni ambalo Mchaga hatakukubalia mpaka umnunulie mbege.

Tanuri zilizimwa na reli. Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi ikipita chini ya milima, na pamoja na mizigo mingine ikaleta chuma kilichokwisha kuyeyushwa Ulaya, rahisi kuliko kushinda mtoni unaosha mchanga. Baadaye, baada ya Uhuru, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kikayafua majembe kwa wingi ambao hakuna kibanda cha mlimani kingeweza kushindana nao. Uyeyushaji ukafa. Ufuaji haukufa, kwa sababu mhunzi aligundua mapema kwamba reli, lori na Land Rover ni machimbo ya chuma yanayotembea.

Kwa hiyo malighafi ya leo inatoka kwenye springi za gari. Springi iliyokatika ni chuma cha pua kizuri, chenye kaboni ya kutosha kushika makali, nacho kimeshapimwa na barabara mbovu kwa miaka. Nondo ya ujenzi ni laini: kisu chake kinanoleka upesi na kufa upesi, na mhunzi anayejiheshimu haigusi, isipokuwa mteja amesisitiza bei ndogo. Fuawe nayo mara nyingi ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Kiriba cha ngozi kimeshapisha feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na anayeizungusha ni mjukuu aliye likizoni na ambaye angependa kuwa mahali pengine.

Kibanda cha mhunzi kina giza. Mgeni hudhani ni umaskini au uzembe wa kutoboa dirisha. Giza lile ni kifaa cha kazi. Mhunzi hana kipimajoto. Anasoma rangi, na rangi ya chuma cha moto haisomeki juani. Kwenye mwanga mkali wekundu wa mwanzo hauonekani kabisa, na chuma unachodhani bado baridi kinakuunguza. Ndani ya giza rangi zinajipanga: wekundu wa damu iliyokauka, wekundu wa damu mbichi, rangi ya chungwa, manjano, kisha weupe unaorusha cheche, ambao maana yake ni kwamba chuma kinaungua na kazi imeharibika. Kazi nyingi ya nyundo hufanyika kati ya chungwa na wekundu. Kikishafifia kinarudi motoni. Anayependa kumalizia pigo moja zaidi wakati rangi imekwenda ndiye anayepasua kisu.

Kwanza springi inakatwa kwa tindo. Kipande kinanyooshwa, kisha unafuliwa msuka, ile ncha nyembamba itakayoingia kwenye mpini. Wanaoanza kazi huuona msuka ni kitu cha mwisho, cha kumalizia tu. Mhunzi mzoefu huanza nao, kwa sababu ndio atakaoushika kwa koleo wakati wa kufua sehemu nyingine, na kwa sababu kisu huvunjika hapo kuliko mahali popote. Unapaswa kunenepa taratibu kuelekea kwenye bapa, bila kona kali. Kona kali ndipo ufa unapozaliwa.

Halafu linakuja jambo ninaloliona zuri kuliko yote katika ufundi huu. Kabla ya kuyapigapiga makali, mhunzi anakipinda kisu upande usiofaa. Anakipinda kuelekea upande wa makali, mpaka kinafanana na mundu mdogo, na mtu asiyejua anasema mzee amekosea. Kisha anaanza kuupondaponda ukingo utakaokuwa makali. Chuma kinachopondwa hutanuka. Upande wa makali unarefuka, mgongo haurefuki, na kisu chote kinaanza kujikunjua chenyewe, pigo kwa pigo, kikirudi nyuma. Akiwa amekadiria vizuri, makali yanafikia wembamba unaotakiwa saa ile ile kisu kinapofika kwenye mkunjo wake wa haki. Hapimi kwa rula. Amelipa deni la mapigo ambayo bado hajayapiga, na hesabu imetoka sawa.

Kisu kinaachwa kipoe ndani ya majivu, polepole, kitulie. Kinapigwa tupa. Kisha kinarudi motoni kwa mara ya hatari.

Hapo mjukuu anaambiwa apunguze upepo. Moto wa kutia makali hautakiwi uwe mkali, unatakiwa uwe sawa kila mahali, wekundu usio na madoa. Kwenye joto la nyuzi 770 hivi chuma huacha kushikwa na sumaku, na wahunzi vijana wengine huwa na sumaku pembeni ya kuhakikisha. Wazee hutazama tu. Kisha kinaingia majini, au kwenye oili chafu ya injini, makali kwanza, mgongo ukibaki nje kwa muda. Ukisikia mlio mdogo wa kupasuka, tik, kisu kimekufa na siku imepotea. Usiposikia, kisu kinatoka na makali magumu kama kioo na mgongo ambao bado una joto.

Joto hilo la mgongo halipotezwi. Mhunzi anakisugua upesi kwa jiwe mpaka ubavu ung'ae, anakishika kwenye mwanga kidogo wa mlangoni, na anangoja. Kwenye chuma kilichong'arishwa rangi zinaanza kutembea kutoka mgongoni kuelekea makalini: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Kila rangi ni joto, na kila joto linapunguza ugumu kidogo na kuongeza uvumilivu kidogo. Manjano ikifika kwenye makali, kisu kinazamishwa chote. Akichelewa, buluu inafika na makali yanakuwa laini, yatajikunja kwenye mfupa wa kwanza. Akiwahi, kisu kitabaki kigumu mno, kitamegeka kwenye ukingo. Muda wote huo ni wa pumzi chache. Nimewaona watu wakizungumza muda wote wa kufua na kunyamaza hapo.

Uamuzi wa rangi ipi isimamishwe unategemea swali ambalo mteja aliulizwa mwanzoni. Ukiingia kibandani na kusema "Shikamoo, baba, nataka kisu," utajibiwa "Marahaba" na kuulizwa cha kufanyia nini. Ukijibu cha kila kitu, umejionyesha kuwa mtu wa mjini.

"Kisu cha kila kitu hakipo, mwanangu. Kuna cha mifupa na kuna cha ngozi. Sema kimoja, kingine utakifanyia hivyo hivyo."

Mara nyingi mhunzi anauza bapa tupu, na msuka wake. Hapo kazi yake imekwisha na nusu ya pili inaanza nyumbani kwa mnunuzi.

Mpini kwanza. Wengi hupenda mti wa mpera, mgumu na usiopasuka ovyo. Wengine hutumia shina la mbuni mzee uliong'olewa, au mzeituni mwitu ukipatikana. Kipande kinakaushwa juu ya jiko, kwenye moshi, kwa wiki kadhaa. Anayeharakisha atapata mpini utakaochezacheza wakati wa kiangazi. Msuka unapashwa moto na kusukumwa ndani ya tundu dogo, unaunguza njia yake, unatolewa, unarudishwa, mpaka umebakia upana wa ukucha kuingia; hapo unagongwa kwa mara ya mwisho ukiwa baridi. Kwenye shingo inavalishwa pete iliyokatwa kwenye bomba la shaba, na isipokuwepo, ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu. Kisha mpini unaachwa mnene kwa makusudi. Mwenyewe atautumia siku chache, ataona mahali unapomchoma kiganja, atapachonga kidogo, atautumia tena. Mpini wa mtu mwingine ukishikwa unasumbua, na ndivyo inavyotakiwa.

Kunoa ndiko kunakotenganisha wenye visu na wanaomiliki visu. Kinoo cha Ugweno ni jiwe la mtoni, la kijivu, lenye chembe ndogo, lililowekwa karibu na pipa la maji. Linatoka kwenye mwamba ule ule uliotoa mchanga mweusi, ingawa chuma cha siku hizi kilizaliwa kwenye kiwanda cha Japani au Uingereza na kufika huku kikiwa chini ya lori. Jiwe linalowa maji, kisu kinalazwa karibu kabisa, mgongo umeinuka kidogo tu, na kinasukumwa mbele kana kwamba unataka kukata utando wa jiwe. Mara kadhaa upande huu, mara kadhaa upande wa pili, kisha zamu kwa zamu. Sauti inakwambia mengi: jiwe likikwaruza kwa mlio mkali umeinua mgongo mno, likinong'ona uko sawa. Kumalizia, ni kwenye ngozi ya mkanda au kwenye kiganja chenyewe, kama kiganja chako kimelima vya kutosha.

Ukizoea, utajua tabia ya mtu kwa kutazama kisu chake. Makali yaliyoingia ndani karibu na mpini ni ya mkata kamba, anavuta kuelekea kwake na kutumia sehemu ile ile kila siku. Ncha iliyokuwa duara ni ya mtu anayechokonoa udongo kwa kisu na ambaye mkewe amemwambia mara nyingi aache. Mikwaruzo iliyopanda ubavuni ni ya mtu anayenoa kwa hasira. Na mara chache unakutana na kisu kilicholiwa sawasawa, ukingo wote umerudi nyuma kwa pamoja, umbo ni lile lile la mwanzo ila dogo zaidi. Mmiliki wa hicho ni mtu wa kukopeshwa fedha bila kuandikishana.

Zipo njia nyingine za kubeba kisu na sizidharau. Kisu cha kukunja kilifika Afrika zamani. Okapi, chenye mpini wa mti na pete ya kufungulia, kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani, ambayo nchi hii ilikuwa mojawapo, na baadaye, 1988, utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Ni kisu chenye haiba, na kinapofunguka kinatoa mlio wa meno unaowafurahisha vijana kuliko inavyofaa. Joseph Opinel wa Savoie, milimani kule Ufaransa, aliunda chake 1890 kwa wakulima wa huko, na nikitazama unyenyekevu wake naona kwamba angeelewana na wazee wa Kifula, huku Ugweno, bila mkalimani. Cha Waswisi, chenye kizibuo na mkasi, ni sanduku la vifaa ambalo limebahatika kuwa na kisu ndani. Uzuri wa kisu cha kukunja ni kwamba mfuko hauchaniki. Udhaifu wake ni msumari wa bawaba: uchafu wa ndizi na utomvu hukaa humo, chuma kinalegea, na kisu kilicholegea kwenye bawaba hakina wa kukitibu kijijini. Msuka ukilegea unaunguzwa upya jioni hiyo hiyo.

Mbali zaidi kuna jambia la Omani, hanjari, ambalo ufundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2022 na ambalo limo hata kwenye bendera ya nchi ile. Ndugu zetu wa Zanzibar walio Maskati wanalivaa kwenye harusi, fedha tupu, na linapendeza. Kumenya nalo muwa hakujawahi kutokea.

Katika Ugweno kisu nacho kina siku ya heshima, ila heshima yake inatokana na kazi. Ni siku ya kuchinja. Waislamu na Walutheri wamekaa hapa pamoja muda mrefu. Misheni ya Leipzig ilianza Shighatini mwaka 1900, na misikiti ipo bega kwa bega na makanisa, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Mbuzi wa shughuli akitolewa, hata nyumba ikiwa ya Mkristo, anaitwa ndugu Mwislamu achinje ili asipatikane wa kususa nyama. Aliyeitwa hafiki na kisu chochote tu. Mafundisho yanamtaka akinoe vizuri na asimwoneshe mnyama, ili mnyama asiteseke. Utamwona pembeni, nyuma ya mgomba, akipitisha kidole gumba kukatisha makali, akirudi kwenye kinoo mara ya pili, wakati watoto wanasukumana na mbuzi anatafuna majani bila habari. Mbuzi akishachinjwa, visu vyote vya makotini vinatoka kwa pamoja: cha mifupa kinafanya mifupa, cha ngozi kinachuna bila kutoboa, na mafungu yanagawanywa kwa mpangilio ambao kila mtu anaujua na ambao hubishaniwa kila mara. Kisu kikipitishwa kutoka mkono hadi mkono kinatanguliza mpini. Mtoto anayeanza kupewa kisu hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kukata.

Mjini mambo ni mengine, na inaeleweka. Kisu mfukoni stendi ya Mbezi jijini Dar ni maelezo marefu kwa askari. Vijana wa Ugweno wanaofanya kazi Dar wanaviacha nyumbani, ndani ya droo ya kabati, na wakipanda mlima Krismasi au Idi ni kitu cha kwanza wanachokitafuta, kabla ya chai.

Linabaki suala la kisu kilichokwisha. Baada ya miaka ya kinoo, bapa linakuwa jembamba, upana wake umebaki wa kidole kimoja, na kwa kamba au mifupa hakifai tena. Zamani vingi viliishia kuwa kijembe cha nyumbani. Sasa vimepata soko jipya. Ugweno, kama sehemu nyingine za miinuko ya mkoa wa Kilimanjaro, imeingiwa na parachichi la Hass, aina iliyosajiliwa na Rudolph Hass kule California mwaka 1935, na mche wa Hass wa kuaminika ni wa kubebesha. Kubebesha kunahitaji mkato mmoja wa mshazari kwenye kikonyo na mwingine unaolingana nao kwenye mche, mara moja, bila kurudia, kwa sababu ukirudia nyuso mbili hazilali sawa na maji yanaingia. Kisu kipya, hata kikali, ni kinene mgongoni. Kinasukuma mti pembeni wakati kinaukata. Kile kilichonolewa miaka ishirini kinapita bila kuusumbua.

Vijana wenye vitalu vya miche wameligundua hilo, na wanazunguka kwa wazee na fedha mkononi. Mmoja alikataliwa mbele yangu huko Msangeni. Akaongeza bei, akakataliwa tena. Akatoa kisu chake kipya, springi safi, mpini wa mpera, akasema babu atwae hiki na nyongeza juu. Mzee akakipokea, akakipitishia kidole gumba, akamsifu mhunzi kwa jina.

"Hiki niachie," akasema. "Nikitumie miaka kumi, ukija tena tutabadilishana."